Kipya Kinyemi: Kabureta Kuukuu Ifufuliwe au Itupwe?

Waswahili wana methali isemayo kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii haisifu upya; inamkejeli mtu anayekimbilia kitu kwa sababu tu ni kipya, hata kama kitamuumiza. Nimeikumbuka mara nyingi katika miezi michache iliyopita kwa sababu ya chombo kidogo kinachoweza kukaa katika viganja viwili vya mkono, yaani kabureta, na kwa sababu ya swali ambalo kila mwenye gari la zamani la kupandia milima na kuvukia mito hana budi kulijibu siku moja: kabureta ikichoka, je, ifufuliwe au itupwe na mahali pake pawekwe nyingine mpya?

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini chini ya boneti ya gari. Nina sababu mbili za kuliingilia jambo hili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni mmoja wa wanachama wa halmashauri ya shule moja ya upili iliyo katika nyanda za juu, shule ambayo gari lake pekee ni Land Rover kuukuu. Gari hilo ndilo linaloleta unga na maharagwe kutoka sokoni, na ndilo linalomfikisha hospitalini mwanafunzi aliyezidiwa usiku, maana mvua ikinyesha hakuna gari jingine linalothubutu kuteremka mlima ule. Ya pili ni kwamba jinsi tunavyolijibu swali la kabureta hudhihirisha jinsi tunavyoyathamini maarifa ya mafundi wetu, na hilo ni jambo linalomhusu mwalimu yeyote, awe wa isimu, wa fizikia au wa ushonaji.

Tuanze na chombo chenyewe. Injini ya petroli haichomi petroli peke yake; huchoma petroli iliyochanganyika na hewa. Ili petroli iungue sawasawa, kilo moja yake huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huo, nayo huifanya bila umeme na bila kompyuta. Hewa inayovutwa na injini hupitishwa katika koo jembamba. Inapopita hapo mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua, na upungufu huo ndio unaoifyonza petroli kutoka katika chemba ya boya kupitia kitundu chembamba kiitwacho jeti. Kanuni hii ilielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu alichokitoa mwaka 1738, na koo lile jembamba lina jina la Mtaliano Giovanni Battista Venturi, aliyechunguza mambo hayo mwishoni mwa karne hiyo hiyo. Mwanafunzi wa fizikia anayesoma habari za kanuni ya Bernoulli huipata kabureta miongoni mwa mifano yake. Huijua kwa mtihani, lakini ni wangapi waliowahi kuishika?

Gari la shule yetu ni la aina ya Series III, iliyoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli yenye silinda nne ina ujazo wa sentimita 2,286, na kabureta yake ya asili ni Zenith 36 IV. Magari ya aina hii yalitapakaa nchini mwetu kote, katika mashamba, misheni, mbuga za wanyama na ofisi za wilaya. Mengi yangali yanatembea hadi leo. Yametembea muda wote huo kwa kuwa hayana sehemu ambayo fundi mwenye bisibisi, spana na akili timamu hawezi kuifungua.

Gari letu lilianza kutoa moshi mweusi. Asubuhi liliwaka kwa taabu, likisimama lilizimika, na petroli liliibugia kama ng'ombe aliyetoka malishoni wakati wa kiangazi. Suala lilipoletwa mbele ya halmashauri, wanachama waligawanyika. Upande mmoja ulishikilia kwamba kabureta ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko walimu wengi wa shule, na kwamba kuifufua ni kumpaka mkongwe wanja. Inunuliwe mpya, yaishe. Upande wa pili ulisema kwamba fedha za kabureta mpya zingenunua magunia kadhaa ya mahindi, na kwamba haijui mtu kama kabureta ndiyo mgonjwa.

Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyonivutia, na ndiyo ninayotaka kuitetea hapa. Swali la kufufua au kununua huulizwa mapema mno. Kabla yake liko jingine: je, tumethibitisha kwamba ugonjwa uko hapo? Kabureta husingiziwa mengi. Pointi za distribyuta zikiliwa, gari hukosa nguvu na mwenyewe hulaumu kabureta. Kondensa ikifa, hulaumu kabureta. Kiwambo cha pampu ya petroli kikitoboka, chujio likiziba, au gasketi ya manifoldi ikivuja hewa, lawama ni zile zile. Mtu wa namna hii akinunua kabureta mpya atakuwa amenunua kiatu kipya ili kutibu jino.

Fundi tuliyemwita kutoka mji wa jirani hakuigusa kabureta kwa muda wa saa nzima. Alitoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. "Mwalimu," akaniambia, "ingekuwa moja ndiyo nyeusi, ningeitafuta shida katika silinda hiyo. Zikiwa nyeusi zote, ujue kinachozilisha ndicho kinachozivimbisha." Akasafisha pointi, akapima mwanya wake, akalikagua chujio la hewa lenye bakuli la mafuta, akatazama pampu. Hapo ndipo alipofungua kabureta. Katika saa ile moja nilimwona mtu akifanya yale tunayowahimiza wanafunzi wetu wa shahada za juu wayafanye: kuweka dhana kadhaa mezani, kuziondoa moja moja kwa ushahidi, na kutotoa hukumu kabla ya wakati.

Kabureta ya Zenith 36 IV ina kasoro inayojulikana sana na wanaoitunza. Kifuniko chake cha juu, kwa joto la injini na kwa kukazwa skrubu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, hupinda. Upindaji wenyewe ni mdogo mno hata jicho halliuoni. Lakini njia nyembamba za hewa na petroli zilizokuwa zimefungwa barabara huanza kuvuja, mchanganyiko ukazidi petroli, na moshi mweusi ukafuata. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko, akakiinua kuelekea mwanga. Mwanga ukapenya katikati. Dawa yake haikuhitaji duka. Alichukua kipande cha kioo kinene, maana kioo ni bapa kuliko meza yoyote, akatandika juu yake msasa laini wenye mafuta, akakisugua kifuniko polepole kwa mzunguko hadi uso wake ukasawazika. Kisha akatia vipya vile vitu ambavyo kwa kweli huzeeka: gasketi, pete ya mpira, kiwambo, na sindano inayofunga na kufungua petroli katika chemba ya boya. Vyote hivyo huuzwa pamoja katika pakiti moja kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya kabureta nzima.

Hata hivyo, uaminifu wanidai niseme kwamba kazi haikuishia hapo. Mhimili wa kile kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta ulikuwa ukicheza katika matundu yake. Mwili wa kabureta huundwa kwa aloi laini, na mhimili unaozunguka ndani yake mara maelfu kwa maelfu hatimaye huyapanua matundu, hewa isiyopimwa ikaingia kwa mlango wa nyuma. Hakuna pakiti ya gasketi inayoweza kuliponya jambo hilo. Ilibidi kabureta ipelekwe kwa mkerezaji, apanue matundu kwa kipimo, atie bushi za shaba na mhimili mpya. Gharama iliongezeka, ingawa jumla yake haikufika nusu ya bei ya kabureta mpya. Gari likawaka, moshi ukakoma.

Je, niseme basi kwamba kila kabureta kuukuu ifufuliwe? La, hasha. Mwenzangu mmoja wa chuo kikuu ana Suzuki ndogo ya kupandia milima. Kabureta yake ilikuwa imepitia mikono mingi. Mmoja alikuwa amezibua jeti kwa waya, na waya hupanua kitundu ambacho ukubwa wake ulipimwa kwa sehemu za milimita. Mwingine alikuwa ameharibu meno ya skrubu, na mwingine akaukaza mguu wa kabureta hadi ukapasuka. Huyo nilimshauri anunue nyingine, na hadi leo nauona ushauri huo kuwa sahihi. Maiti haitibiwi. Mwili ukipasuka, au jeti zikiharibiwa na nyingine zisipatikane, au mkerezaji asiwepo katika eneo lote, kununua ndiko kuokoa fedha.

Wanaotetea kununua wana hoja nyingine ambazo si haki kuzipuuza. Mwenye Series III anaweza kuiacha Zenith na kuweka Weber 34 ICH, iliyo sahili zaidi na isiyosumbuliwa na ule upindaji wa kifuniko. Wengi waliofanya hivyo husifu jinsi gari linavyotulia likiwa limesimama na jinsi linavyobana petroli, japokuwa hukiri kwamba nguvu kidogo hupotea mlimani. Pia muda ni mali. Mwenye gari la kukodisha kwa watalii hawezi kungoja siku nne za mkerezaji. Hoja hizi nazikubali.

Lakini msomaji azingatie mambo matatu kabla ya kufungua mkoba. La kwanza ni kwamba neno "mpya" halina maana ya "halisi". Maduka yamejaa kabureta za kuigiza, zinazong'aa kama sarafu iliyotoka kiwandani leo, ambazo boya lake linavuja na jeti zake hazina kipimo cha kuaminika. Kabureta ya asili iliyochoka ilitengenezwa na watu waliopima. Ya kuigiza huenda haikupimwa na yeyote. Mwenye kuitupa ya kwanza ili aipate ya pili amebadilisha mgonjwa anayepona kwa kilema wa kuzaliwa. Kwa hiyo hata anayenunua mpya asiitupe ile ya zamani. Aifunge katika karatasi yenye mafuta, aihifadhi.

La pili ni mwinuko wa nchi yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Ukipanda kuelekea Timboroa hupungua zaidi. Kabureta haina habari kwamba imepanda mlima. Huendelea kumimina petroli kana kwamba iko ufukweni, na mchanganyiko huwa mzito. Kabureta mpya iliyotiwa jeti za nchi tambarare, ikifungwa kwenye gari la Nyandarua bila kubadilishwa jeti, itarudisha moshi ule ule mweusi ambao mwenyewe aliukimbia. Ya zamani huenda fundi fulani aliyekwisha kufariki aliipatia jeti za kufaa mahali hapo miaka 30 iliyopita, na hakuna aliyeandika.

La tatu ni matumizi. Gari la lami hukaa sawa. La porini huinama. Likipanda genge, petroli iliyo katika chemba ya boya hukimbilia upande mmoja, jeti ikakosa au injini ikafurika. Njia za mawe za kuelekea North Horr hulegeza kila skrubu, na vumbi la Chalbi hutafuta kila upenyo. Aidha petroli yenyewe si safi daima. Wako wauzaji wanaoichanganya na mafuta ya taa, na mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuukomesha mchezo huo. Uchafu ulioziba kabureta ya zamani utaziba na mpya, kama tangi na machujio hayakusafishwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwanza upimwe mfumo wa umeme, pampu na machujio. Likibaki shaka kwa kabureta, ifunguliwe na kukaguliwa mwili wake. Mwili ukiwa mzima, ifufuliwe, hata kama mhimili wahitaji bushi. Mwili ukiwa umepasuka au jeti zimeharibiwa, inunuliwe nyingine iliyo halisi, na jeti zake zilinganishwe na mwinuko wa mahali. Kamwe isinunuliwe kwa sababu tu haikufunguliwa.

Sasa niruhusiwe kurudi nyumbani kwangu, yaani katika lugha. Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kutengeneza, kwa maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: kuunda kitu ambacho hakikuwapo, na kukirudisha katika hali njema kitu kilichoharibika. Asili yake ni kutengenea, yaani kuwa katika hali ya kufaa. Anayetengeneza hufanya kitu kitengenee, kiwe kilianza leo au kilianza zamani. Vilevile neno fundi ni ndugu wa funda, fundisha na mafundisho. Yaelekea kwamba katika fikra za waliotuachia lugha hii, mwenye ujuzi wa mikono na mwenye kazi ya kufundisha walikaa karibu. Sisi ndio tuliowatenga, mmoja tukampa joho na mwingine tukamwacha juani.

Wasikilize mafundi wakizungumza. Gari "linakunywa" petroli linapozidishiwa. "Linakohoa" linapokosa petroli ya kutosha. "Halipumui" chujio la hewa likiziba. Mtu wa haraka atasema hizi ni tamathali za watu wasio na msamiati wa kitaalamu. Mimi nasema huu ndio msamiati wa kitaalamu, kwa sababu kila neno linataja dalili moja na linaelekeza kwenye chanzo kimoja. Ni lugha ya tabibu. Na anayezungumza kitabibu huanza kwa kupima, hamfukuzi mgonjwa ili alete mwingine.

Maarifa hayo hayajaandikwa. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na sekta ya jua kali ulikiri umuhimu wa mafundi hawa katika uchumi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulinuia kuwapa wanafunzi ujuzi wa mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, na marekebisho ya mwaka 2002 yaliyapunguza masomo hayo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umeirudisha ahadi ile ile kwa jina jingine. Nachelea kwamba nao utaishia katika picha za vitabuni, tusipokuwa tayari kuweka kitu halisi juu ya dawati.

Kitu hicho si ghali. Kabureta iliyokufa kabisa, ambayo haifai tena kwa gari lolote, hupatikana kwa bei ya chuma chakavu katika gereji yoyote ya Barabara ya Kirinyaga au ya mji wowote wenye soko. Ikioshwa vizuri ili isiwe na petroli hata tone, mwalimu wa fizikia anaweza kuonyesha koo la Venturi kwa kidole. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwatuma wanafunzi kwa fundi wa mtaani wakusanye majina ya kila sehemu na kila ugonjwa, wayaandike, wayalinganishe, waseme lipi linafaa kuingia katika kamusi. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha haiwi rasmi kwa kutajwa katika katiba tu ikiwa haiwezi kumfundisha kijana kwa nini gari linatoa moshi mweusi.

Katika shule yetu niliomba kwamba fundi yule aalikwe mbele ya kidato cha tatu, na alipwe kama anavyolipwa mgeni yeyote mwenye kisomo. Wajumbe wawili walipinga, wakisema kwamba hana cheti. Niliwajibu kwamba halmashauri nzima ya watu wenye vyeti ilikaa kikao kizima ikijadili bei ya kabureta, na hapana hata mmoja wetu aliyetoa plagi. Ombi lilipita.

Shime, basi, walimu wenzangu. Na ninyi wanafunzi, mtakapokuwa wenye magari, wenye mashine na wenye madaraka, mtaletewa vitu vingi vilivyochoka na kuulizwa kama vitupwe. Ulizeni kwanza nani aliyekifungua, na aliona nini ndani yake.